Kura 50 za Orange

Orange ni mji wa Australia usio na machungwa. Uko juu mno, na baridi yake ni kali. Majira ya baridi theluji huanguka kwenye mlima Canobolas ulio kando yake. Kinachostawi pale ni matufaha, cheri na zabibu za mvinyo. Jina lenyewe lilitoka kwa mwanamfalme wa Uholanzi, wala halihusiani na tunda. Ukitoka Sydney unavuka milima ya Blue Mountains, unaendelea magharibi, na baada ya kilomita kama 250 umefika. Ukisonga mbele zaidi unaikuta Parkes, yenye ile darubini kubwa ya redio iliyosaidia kupokea picha za wanadamu wa kwanza kutembea mwezini mwaka 1969, na Forbes, mji wa mto Lachlan unaofurika mara kwa mara.

Kiti cha ubunge cha Orange, ambacho mwaka 2016 kiliibeba miji hiyo mitatu na vijiji vilivyo kati yake, kilikuwa ngome ya chama kimoja, Nationals, tangu 1947. Jumamosi ya tarehe 12 Novemba 2016 ngome hiyo ilianguka kwa tofauti ya kura 50.

Kabla sijaendelea, nisafishe neno moja. Kiswahili chetu kinalitwisha neno "jimbo" mizigo miwili: eneo la mbunge, na sehemu ya shirikisho yenye serikali na bunge lake. Australia inavyo vyote viwili. Kwa hiyo hapa jimbo litakuwa eneo la mbunge tu, yaani Orange. Ile sehemu ya shirikisho nitaiita kwa jina lake, New South Wales. Na mkuu wa serikali yake nitamwita Waziri Kiongozi, kama Zanzibar ilivyokuwa ikimwita wa kwake hadi 2010, ili asichanganywe na Waziri Mkuu wa nchi nzima anayekaa Canberra.

Kiti kiliachwa wazi kwa sababu ya kawaida kabisa. Mbunge wake, Andrew Gee wa chama cha Nationals, alitaka kupanda daraja. Mwaka 2016 alikiacha kiti cha Orange ili agombee ubunge wa shirikisho katika eneo la Calare, na Julai akashinda. Hapakuwa na kashfa wala msiba. Ni mtu amehama ofisi.

Ajabu ndogo ya historia: jimbo hilo limekuwa likifanya uchaguzi mdogo kila baada ya miaka 20. Charles Cutler, aliyelitwaa 1947 na kuwa Naibu Waziri Kiongozi kwa zaidi ya miaka kumi, alistaafu na kukawa na uchaguzi mdogo 1976. Mrithi wake, Garry West, naye akaondoka, ukafanyika mwingine 1996. Mara zote mbili Nationals walirudi na kiti mfukoni. Huu wa 2016 ulikuwa wa tatu, na makao makuu ya chama hayakuwa na sababu ya kukosa usingizi. Mwaka mmoja na miezi tu iliyopita Gee alikuwa amepata karibu theluthi mbili ya kura zote, na hata baada ya kugawanya kura za wagombea wadogo alimwacha mgombea wa Labor, chama kikuu cha upinzani, kwa asilimia karibu 72 dhidi ya 28. Ukimwambia mtu wakati ule kwamba Orange itapotea, angekuuliza umekunywa nini.

Nationals ni chama cha shamba. Kilizaliwa kikiitwa chama cha mashambani, na kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kuhakikisha kwamba pesa na barabara hazikwami mjini. Hakina nguvu ya kutawala peke yake. Kinafunga ndoa na Liberal, chama cha wafanyabiashara na wenye vitongoji vizuri vya Sydney, na mahari yake inajulikana: kiongozi wa Nationals anakuwa Naibu Waziri Kiongozi. Mwaka 2016 Waziri Kiongozi alikuwa Mike Baird wa Liberal, mbunge wa Manly, pwani ya Sydney kwenye mawimbi ya kuteleza. Naibu wake alikuwa Troy Grant, ofisa wa zamani wa polisi, mbunge wa Dubbo, jimbo jirani na Orange. Muungano wao ulikuwa na viti 54 kati ya 93. Nitairudia namba hiyo, kwa sababu ndiyo iliyoufanya uasi wa Orange uwe wa bei rahisi.

Watu wa bara huko wana mzaha kuhusu jina la New South Wales. Wanasema zile herufi tatu, N, S na W, ni kifupi cha Newcastle, Sydney na Wollongong, miji mitatu ya pwani, na kwamba huko ndiko serikali inakoishia. Mzaha huo ni wa zamani. Mwaka 2016 haukuchekesha tena.

Halmashauri

Wachambuzi wengi wa anguko hilo walianza na mbwa wa mbio, na mbwa nitawafikia. Kwa maoni yangu kidonda kilikuwa halmashauri.

Desemba 2015 serikali ya Baird ilitangaza mpango wa kuunganisha halmashauri kwa wingi, mjini na vijijini. Hoja yake ilikuwa ya kihasibu: halmashauri ni nyingi, nyingine zinajiendesha kwa hasara, tukiziunganisha tutaokoa fedha. Mei 2016 halmashauri mpya 19 zilizaliwa kwa tangazo la siku moja. Madiwani wa zile za zamani walivuliwa vyeo papo hapo, na wasimamizi walioteuliwa na serikali wakakaa kwenye viti vyao.

Huku kwetu vita vya halmashauri huwa vya kugawana: kila mji mdogo unataka wilaya yake na jengo lake. Kule ilikuwa kinyume, lakini si vigumu kwetu kuuelewa uchungu wao. Halmashauri ya vijijini Australia si ofisi ya vibali tu. Ndiye mwajiri wa dereva wa greda, ndiye anayetunza bwawa la kuogelea na makaburi, ndiye anayelipa mshahara unaofanya duka la mkate la kijiji liendelee kufunguliwa. Ikihamia mji mkubwa, greda linahama nayo.

Orange ilipangiwa kuunganishwa na Blayney na Cabonne. Cabonne ni eneo la vijiji, na sehemu yake kubwa, pamoja na makao yake Molong, ilikuwa ndani ya jimbo hilo la uchaguzi. Watu wake hawakutaka kabisa. Mwangalie mkaazi wa Molong jinsi anavyoona hesabu: leo diwani wake anaishi mtaa wa pili, kesho halmashauri itakaa Orange, mji wenye watu kama 40,000, na kura za Molong zitakuwa tone ndani ya ndoo.

Mpango ule haukuwa umekamilika. Ulikuwa unaning'inia. Na kwa kuwa ulikuwa unaning'inia, serikali ilifanya jambo ambalo sidhani kama lilipimwa vizuri: iliahirisha uchaguzi wa madiwani kwa halmashauri zilizokuwa zikisubiri hatima yake. Halmashauri nyingine zilipiga kura Septemba 2016. Orange na jirani zake waliambiwa wasubiri hadi mwaka uliofuata.

Kwa hiyo fikiria hali yenyewe. Watu wana hasira na halmashauri, na sanduku ambalo hasira hiyo ingemalizikia limeondolewa. Wiki chache baadaye, kwa sababu tu Bwana Gee amehamia Canberra, serikali ileile inawaletea sanduku jingine mlangoni, na kura ni ya lazima. Asiyekwenda anapigwa faini ya dola 55. Kila mwenye kinyongo na Cabonne au Orange alipewa karatasi na penseli na kulazimishwa kuitumia.

Mbwa

Februari 2015 shirika la utangazaji la taifa, ABC, lilirusha picha zilizochukuliwa kwa siri. Zilionyesha wakufunzi wa mbwa wa mbio, aina ya greyhound, wakiwafunga nguruwe wachanga, sungura na wanyama wengine hai kwenye mtambo wa chambo, ili mbwa wawararue na kupata hamu ya kukimbia. Nchi ilishtuka. New South Wales ikaunda tume chini ya Michael McHugh, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya Australia. Ripoti yake ya 2016 ilisema kwamba kwa miaka 12 kati ya mbwa 48,891 na 68,448 waliuawa kwa kosa moja tu: hawakuwa na kasi ya kutosha.

Tarehe 7 Julai 2016 Baird akatangaza kwamba mbio za mbwa zitapigwa marufuku kuanzia katikati ya 2017. Hakuwaandaa watu. Hata baadhi ya wabunge wa upande wake walisikia kama tulivyosikia sisi wengine. Aliyebeba wizara ya mbio alikuwa Troy Grant, kiongozi wa Nationals, kwa hiyo chama cha shamba ndicho kilichosimama mbele kuutetea uamuzi uliowagusa zaidi watu wa shamba.

Nisijifanye siko upande wowote: ripoti ile inatisha, na marufuku ilikuwa na uzito wa haki ndani yake. Lakini mbio za mbwa ni mchezo wa watu wasio na fedha za farasi. Fundi bomba mstaafu wa mji mdogo anaweza kufuga mbwa wawili nyuma ya nyumba na kumpeleka mmoja uwanjani wikiendi. Mtu huyo hakuwa kwenye zile picha za siri. Alipoambiwa kwamba mchezo wake ni uhalifu, na anayemwambia ni mtu wa Manly, alisikia kitu kingine kabisa na kile kilichoandikwa katika ripoti.

Agosti sheria ikapita bungeni. Wabunge watatu wa Nationals, Katrina Hodgkinson, Kevin Humphries na Chris Gulaptis, waliinuka na kwenda kukaa upande wa upinzani kupiga kura ya kuikataa. Kwa desturi za bunge la Australia, ambako mbunge hufuata chama chake kama mkia unavyofuata ng'ombe, hilo ni tetemeko. Labor, wakiongozwa na Luke Foley, nao walisimama na wenye mbwa.

Kisha tarehe 11 Oktoba, mwezi mmoja tu kabla ya kura ya Orange, Baird akageuka. Alikiri kwamba alikosea, marufuku ikafutwa, mchezo ukapewa nafasi ya kujirekebisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waliosema kwamba serikali iligeuka kwa kuchelewa, kwamba ingegeuka Agosti ingeokoa kiti. Naona kugeuka kwenyewe ndiko kulikokipoteza. Siku ile serikali iliwafundisha watu wa bara somo rahisi: ukiipiga, inatii. Mbwa walikuwa wameokolewa kwa kelele. Halmashauri bado zilikuwa mezani. Mpiga kura wa Molong hakuhitaji mshauri wa siasa amfafanulie hatua inayofuata. Wapenda mbwa upande wa pili, wale waliompongeza Baird mwezi Julai, sasa hawakuwa na sababu ya kumwamini pia. Alikuwa amewakasirisha wa kwanza kwa uamuzi na wa pili kwa kuufuta.

Mgombea na karatasi

Nationals walimsimamisha Scott Barrett. Labor walimleta Bernard Fitzsimon, wakijua kwamba Orange si shamba lao. Walikuwapo pia Greens, chama cha mazingira, na wagombea binafsi. Na alikuwapo Philip Donato, mwendesha mashtaka wa polisi, mkaazi wa hapohapo, wa chama kinachoitwa Shooters, Fishers and Farmers, yaani wapiga bunduki, wavuvi na wakulima.

Chama hicho kilianzishwa 1992 kama chama cha wenye bunduki, wakati sheria za silaha zilipokuwa zikibanwa. Kwa zaidi ya miaka 20 kiliishi katika baraza la juu la New South Wales, ambako asilimia chache za kura zinatosha kumpatia mtu kiti, na hakikuwahi kushinda hata jimbo moja la baraza la chini. Neno "wakulima" lilikuwa jipya kabisa kwenye jina. Lilibandikwa mwaka huohuo wa 2016. Liliwaambia wapiga kura wa Nationals: hata kama huna bunduki, mlango uko wazi. Sijui uamuzi mwingine wa bei rahisi zaidi uliolipa zaidi katika siasa za huko.

Kwa mgombea wa chama cha bunduki, Donato hakuzungumza sana bunduki. Alizungumza halmashauri, na jinsi bara linavyosahauliwa. Tena alikuwa askari, kama Troy Grant. Yule mpiga kura mzee wa Nationals aliyekuwa akiogopa kupigia "vijana wa fujo" aliangalia akaona mtu wa tai na mashtaka.

Sasa twende kwenye karatasi yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kuelewa kura 50.

Huku kwetu unatia alama moja, na anayeongoza ameshinda hata akipata robo ya kura. Kule unaandika namba. Kila jina lina kisanduku kitupu. Unampa 1 unayemtaka zaidi, 2 anayefuata, na kuendelea. Kwenye hesabu, wa mwisho anatolewa, karatasi zake zinafunuliwa na kila moja inakwenda kwa mtu aliyeandikiwa namba inayofuata. Kisha wa mwisho mwingine, na mwingine, hadi wabaki wawili.

New South Wales ina upekee mmoja tangu 1980. Kwenye uchaguzi wa shirikisho lazima ujaze visanduku vyote. Hapa unaruhusiwa kuandika 1 peke yake na kukunja karatasi. Mtu wako akitolewa, kura yako inaishia hapo. Inawekwa kwenye fungu la zilizokwisha na haimsaidii mtu tena.

Tuseme kuna mkulima wa ngano karibu na Parkes ambaye ukoo wake ni Labor tangu babu alipokuwa kwenye reli. Anajua Labor haishindi hapa. Anaandika 1 kwa Fitzsimon kwa sababu ya babu. Penseli inabaki hewani kidogo. Akiishia hapo, kura yake itakufa Labor wakitolewa, na Barrett atanufaika, kwa kuwa ndiye anayeongoza. Akiongeza 2 mbele ya Donato, kura hiyohiyo itafufuka mwishoni na kumpiga Barrett. Tofauti ni tarakimu moja, kazi ya nusu sekunde.

Kwa mfumo huu, mkubwa anayeongoza huomba kimoyomoyo watu wavivu. Orange siku ile haikuwa na wavivu wa kutosha.

Usiku na siku zilizofuata

Mazingira ya kura za Australia yangemshangaza mtu aliyezoea foleni zetu za alfajiri. Vituo ni shule na kumbi za makanisa. Mlangoni vijana wa vyama, wenye fulana za rangi, wanakugawia vikadi vya kukuelekeza namba za kuandika. Nje kamati ya wazazi inachoma soseji na kuuza kwenye mkate, fedha zikienda shuleni. Vituo hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Forbes walikuwa wametoka tu kwenye mafuriko. Mto Lachlan ulikuwa umevimba majuma kadhaa nyuma na kukata barabara kuu. Siku nne kabla, Marekani ilikuwa imemchagua Donald Trump, na magazeti ya Sydney yalikuwa tayari na vichwa vya habari vya wimbi la dunia. Sikununua hoja hiyo wakati ule na sinunui sasa. Mpango wa kuunganisha Cabonne na Orange haukuandikwa Pennsylvania.

Masanduku yalipofunguliwa, Barrett alikuwa mbele kwa namba 1, lakini ile mbele iliyoaibisha. Kutoka karibu theluthi mbili ya Gee, Nationals walikuwa wameshuka hadi chini ya theluthi moja. Chama kilikuwa kimepoteza pointi 34 za asilimia kwa mkupuo mmoja. Donato alikuwa wa pili, akikaribia robo. Labor wa tatu.

Pengo la namba 1 kati ya wa kwanza na wa pili lilikuwa karibu pointi 8. Kwa hesabu zetu za nyumbani, Barrett angekuwa anakata keki. Lakini zaidi ya kura nne katika kila kumi zilikuwa zimekwenda kwa wengine, na sasa zilianza kutembea. Kila aliyetolewa alimwaga karatasi zake, nyingine zikafa, na zilizobaki hai zilikuwa zikiegemea kwa Donato. Pengo lilisinyaa hadi likawa kitu kinachopimwa kwa makumi.

Siku zikapita bila mshindi. Hesabu ilirudiwa. Mwishoni Donato alikuwa mbele kwa kura 50.

Izungushe namba hiyo kidogo. Kama watu 26 wangeandika Barrett mahali walipoandika Donato, matokeo yangegeuka. Abiria wa Coaster moja. Au chukua wale waliopiga 1 tu na kukunja: wachache zaidi miongoni mwao wangemkumbuka Barrett kwa namba 2, Nationals wangebaki na kiti, na magazeti yangeandika "wamenusurika". Kila chama kikipoteza kwa namna hiyo kina orodha yake ya vijiji vilivyosahauliwa na milango isiyobishwa. Mimi naona orodha hiyo haina maana. Aliyeanguka pointi 34 hawezi kulaumu kura 50. Hizo ni za kuamua tu kama jeraha litaitwa kifo.

Grant naye hakusubiri hesabu. Siku tatu baada ya kura, wakati bado haijulikani nani ameshinda, wabunge wa Nationals walikutana. Aliachia uongozi, na kwa hiyo unaibu wa Waziri Kiongozi. Jimbo lililompa Cutler cheo hicho zamani ndilo lililomvua Grant. Nafasi yake ikachukuliwa na John Barilaro, mtu wa maneno makali kutoka Queanbeyan, ambaye alianza mara moja kuisukuma serikali yake mwenyewe iachane na kuunganisha halmashauri za vijijini kwa nguvu.

Hapa ile 54 kati ya 93 inarudi. Orange kwenda kwa Donato haikutikisa wingi wa serikali hata chembe. Mpiga kura aliyekuwa akiipenda serikali ya Liberal na Nationals iendelee angeweza kumchapa kibao bila kuhatarisha chochote: hakuna umeme uliozimwa, hakuna Waziri Kiongozi aliyeondolewa na kura yake. Uchaguzi mdogo katika ngome salama, chini ya serikali yenye wingi wa kutosha, ni mahali pa nadra ambapo hasira haina gharama. Wanasiasa wanauita "kura ya onyo". Nadhani ni jina la kujifariji, kwa sababu onyo lina matumaini kwamba mtu atarudi.

Baird alijiuzulu Januari 2017, akitaja hasa miaka kumi ya siasa na ugonjwa katika familia yake. Gladys Berejiklian akarithi. Tarehe 14 Februari, wiki tatu tu baada ya kuapishwa, alitangaza kwamba halmashauri za vijijini ambazo zilikuwa hazijaunganishwa zitaachwa kama zilivyo. Orange, Blayney na Cabonne zikabaki tatu. Zile za Sydney zilizokuwa zikipambana mahakamani ziliendelea kusumbuliwa hadi Julai. Sasa jiulize nani alisikilizwa kwanza, mji au shamba, na kwa nini.

Mwezi Septemba 2017 watu wa Orange na Cabonne wakapiga kura ya madiwani waliyonyimwa mwaka mmoja kabla.

Kama hasira ingekuwa ya halmashauri peke yake, ingepaswa kuisha hapo, na mwaka 2019 Nationals wangerudi nyumbani. Hapa hoja yangu inapata shida, na siwezi kuificha. Machi 2019 Donato alirudi akiwa na karibu nusu ya kura zote za kwanza. Wapiga bunduki, wavuvi na wakulima walichukua pia Barwon na Murray, majimbo makubwa ya magharibi yaliyokuwa yakilalamika kuhusu maji ya mito ya Murray na Darling na samaki waliokufa kwa mamia ya maelfu Menindee. Kilichoanza kama kibao kilikuwa kimegeuka mazoea. Mtu akishagundua kwamba anaweza kuvunja desturi ya baba yake na paa lisianguke, kazi ya pili ni nyepesi.

Lakini hata chama kilichofaidika hakikubaki na viti hivyo. Mwaka 2022 wapiga bunduki waligombana wenyewe kwa wenyewe. Helen Dalton, mbunge wa Murray, aliondoka kwanza. Maneno mabaya ya kiongozi wa chama, Robert Borsak, dhidi yake yakazua ugomvi, na Desemba 2022 Donato na Roy Butler wa Barwon wakajitoa, wakawa wabunge binafsi. Mwaka uliofuata wote watatu walichaguliwa tena bila chama chochote nyuma yao. Ukiisoma hiyo vizuri, bunduki na samaki havikuwa na kazi kubwa kwenye karatasi ya 2016. Jina lililokuwa na kazi ni la Donato, na la Nationals waliokuwa hawatakiwi.

Na Andrew Gee, yule aliyehama ofisi na kuanzisha haya yote? Desemba hiyohiyo ya 2022 naye aliachana na Nationals, hasa kwa kuwa chama kilikataa kuunga mkono "Sauti", yaani chombo cha kuwawakilisha wenyeji wa asili kilichopendekezwa kuingizwa katika katiba. Mei 2025 aligombea Calare akiwa mgombea binafsi, chama chake cha zamani kikaweka mtu dhidi yake, akashinda. Tangu Desemba ile ya 2022 mkaazi wa mji wa Orange ana mbunge asiye na chama katika bunge la Sydney na mbunge asiye na chama katika bunge la Canberra, na hiyo ni katika mji ambao kwa kiti cha Sydney haukujua mlango mwingine tangu 1947 hadi 2016.